Kiu ya Popi

Kwa wiki tatu Nasambu alikuwa akishuka kitandani kwa kutanguliza kidole cha mguu, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Asubuhi hiyo ya Alhamisi kidole kilikuta maji. Akausogeza mguu kando kidogo. Huko nako, maji. Akainama akapapasa chini ya kitanda kutafuta tambara.

"Mara tatu," mumewe Nalianya akasema kutoka ndani ya blanketi. "Nimemsikia mara tatu tangu alfajiri. Kama mtu anayemwaga sufuria."

"Lala, Baba Asenath. Nitapangusa."

"Nilale wapi? Hata ndoto zangu siku hizi zina maji."

Mwenye makosa alikuwa ameketi karibu na mlango, akiusukuma mkebe wake mtupu kwa pua. Jina lake Popi, mtoto wa mbwa wa miezi miwili na ushei, rangi ya chai ya maziwa, tumbo la mviringo, miguu minne isiyoafikiana ielekee wapi. Mkebe wenyewe ulikuwa wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, wa robo kilo, na ule mkwaruzo wake juu ya simiti ndio uliokuwa ukiwaamsha siku hizi.

Nasambu akapangusa, akakamua tambara kwenye karai. Mkojo haukuwa na rangi wala harufu ya kusumbua. Mtu angedhani mtungi umevuja. Jambo hilo alikuwa ameliona siku nyingi, akaliweka moyoni. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, mtu wa kuona na kuweka. Alipomaliza darasa la nane kule Chwele, mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba msichana huyu haongei sana lakini hapitwi na kitu. Ripoti hiyo alikuwa nayo bado, ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne.

Aliletwa Kaloleni akiwa bibi harusi, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye vyumba viwili na jikoni moja. Chumba kimoja kilikuwa chao. Kingine kilikuwa cha Aoko, aliyeitwa Mama Akech, mke wa karani wa reli. Nalianya alifanya kazi ya mashine katika kiwanda cha mablanketi huko Industrial Area, naye Nasambu alishinda nyumbani akifuma vitambaa vya makochi huku akimlea Asenath, aliyekuwa na miaka minne. Mwaka huo wa tisini na sita mfereji wa nje ulikuwa ukitoa maji Jumanne na Ijumaa tu, jioni, na wanawake walipanga jerikeni zao foleni tangu saa nane. Kila nyumba ilijua hesabu yake ya maji. Na kwa hesabu ya nyumba ile, Popi alikuwa anakunywa zaidi ya Asenath.

"Mama Asenath," Aoko akaita kutoka jikoni, "hii tanki yako imemwaga tena hapa kwa mlango. Mimi nimeteleza nikasalimia ukuta."

"Pole, Mama Akech. Nakuja na tambara."

"Pole ni ya nini, ukuta ndio umeumia." Aoko alikuwa mwanamke mnene wa kicheko kingi, ambaye akikutania ujue anakupenda. Alimtazama Popi akiyamaliza maji aliyotoka kupewa, ulimi ukienda mbio kama cherehani. "Sasa ona. Anaingiza huku anatoa kule. Mnyime maji, dada. Ikifika saa kumi funika mkebe. Hata mtoto wa kukojoa kitandani si ananyimwa chai ya jioni?"

Nasambu alimwinua Popi, akaifinya kidogo ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili, akaiachilia. Ngozi ikarudi mahali pake papo hapo. Ndipo akamweka chini na kumjazia mkebe.

Aoko aliona, akajifanya kupuliza moto.

Mwaka uliotangulia, Nasambu alikuwa na mtoto wa pili, Patrobas, jina la babu yake. Akiwa na miezi minane alishikwa na kuhara. Wanawake waliokuja kumwona, wema wote, watu wa maombi, walimwambia asimpe maji kwa sababu maji yataongeza. Akafunika kikombe kwa sahani. Mtoto alikitazama kikombe kile siku nzima. Kesho yake, kwenye zahanati, muuguzi alilifinya tumbo lake, na ngozi ikabaki imesimama kama pindo la nguo. Muuguzi hakumkaripia. Alisema tu, "Angekunywa, mama." Basi. Tangu siku hiyo Nasambu hakufunika maji ya kiumbe chochote, na hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye habari za kikombe kile, hata Nalianya. Nalianya hakumwambia ni wewe. Hakumwambia pia si wewe.

Miezi kadhaa baada ya mazishi alirudi kutoka kazini na koti limevimba upande mmoja. Mbwa mmoja wa kulinda kiwanda alikuwa amegongwa na lori akaacha watoto. Nalianya hakutoa maelezo marefu. Alimtoa mmoja mfukoni akamweka mapajani mwa mkewe, akaenda kunawa miguu.

Mtoto yule wa mbwa hakuwa hata ameacha kunyonya. Alilia usiku kucha, siku mbili. Nasambu akafanya alivyomwona mamake akifanya nyumbani. Kwao, ndama akitengwa na mamake, mwanamke atakayemtunza humrambisha chumvi ya ng'ombe kwenye kiganja, asubuhi na jioni, mpaka ndama asahau titi, apate hamu ya kula, na amjue mwenye mkono. Alikwenda Eastleigh kwenye duka moja la dawa za mifugo, akanunua chumvi ya ng'ombe, ile ya kijivu, akaiweka dirishani ndani ya karatasi. Popi aliporambishwa mara ya kwanza alipiga chafya. Mara ya pili aliutafuta mkono mwenyewe. Siku ya tatu alikuwa akimfuata Nasambu hadi chooni.

Kwa hiyo kiu hii ilipoanza, na kiumbe akawa mtu wa kunywa na kukojoa, akikonda ubavuni ingawa tumbo limejaa maji, Nasambu alimwona amedhoofika. Akaongeza chumvi. Mara tatu kwa siku badala ya mbili, kiganja kikiwa kimejaa vizuri.

Nalianya alikunywa chai yake akiwa amesimama.

"Nimezungumza na Obura," alisema. Obura alikuwa askari wa kiwanda, ndiye aliyewalea wale ndugu wengine wa Popi. "Anasema mbwa akinywa hivi ni figo zimeoza. Ama ni sukari. Atakuja Jumamosi amchukue."

"Ampeleke wapi?"

"Obura anajua la kufanya."

Nasambu alijua Obura angekuja na gunia.

"Anakula," alisema polepole. "Anacheza na Asenath. Mtu wa kuoza figo anaiba kiatu?"

Nalianya aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mkali. Uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu aliyebeba kitu kizito bila mahali pa kukitua. "Mama Asenath, mimi siwezi kuona kiumbe kingine kikiisha hapa mbele yako. Afadhali kiondoke kikiwa bado kinatembea."

Akavaa koti, akatoka.

Siku hiyo Nasambu hakufuma. Alikaa kizingitini na Popi, akawa anamtazama toka asubuhi mpaka jua lilipotua. Alihesabu kwa kokoto: moja kwa kila mkebe wa maji, na nyingine, upande wa pili wa ngazi, kwa kila mkojo. Asenath alidhani ni mchezo, akawa anamsaidia kwa kupiga kelele, "Tena, Mama." Ilipofika jioni upande mmoja ulikuwa na kokoto sita na upande wa pili kumi na nne. Akafikiri ni nani ajuaye mambo ya wanyama katika mji huu. Akamkumbuka mtu mmoja tu, yule wa dukani aliyemuuzia chumvi.

Ijumaa asubuhi aliingoja saa ya Popi kuchuchumaa, akamtegea kifuniko cha mkebe. Kilichopatikana alikimimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa kwa maji moto. Akamwachia Aoko mtoto na jerikeni.

"Unampeleka Tanki hospitali?" Aoko akauliza. "Kwa kikapu kama bibi harusi?"

"Nampeleka Eastleigh. Nishikie foleni, Mama Akech."

"Nenda. Foleni nitashika, na mtoto nitashika. Lakini akikukojolea njiani usiseme ni mvua."

Alikwenda kwa miguu, akapita Shauri Moyo, akakata Gikomba katikati ya marundo ya mitumba, akapandia Pumwani. Mara mbili alisimama, akamtoa Popi kikapuni, akampa maji kutoka kwenye chupa ya soda aliyobeba, akamwacha amalize haja yake kando ya mtaro. Wapita njia walimtazama. Mwanamke aliyekuwa akiuza sambusa alimwuliza kama mbwa huyo anauzwa.

Duka lilikuwa ndani kidogo ya First Avenue, kati ya lojing'i ya kulala wageni na muuza mazulia. Lilinuka kamba mpya na dawa ya kupe. Mwenyewe aliitwa Samatar, mtu mwembamba wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikuwa amesomea mifugo na kufanya kazi miaka mingi huko kaskazini kabla ya kufungua duka, na kila aliyeingia alimwita Daktari.

"Ng'ombe wako anaendeleaje?" akauliza alipomwona Nasambu.

"Ng'ombe?"

"Si wewe ulinunua chumvi hapa kwangu? Nilijiuliza huyu mama wa Kaloleni, ng'ombe wake analala wapi."

Nasambu alifunua kikapu. Popi akachomoza kichwa. Samatar akarudi nyuma hatua moja.

"Aa. Mama, mimi ni mtu wa mbuzi na ngamia. Mbwa simgusi kwa mkono mtupu, usinielewe vibaya." Akasimama akiwaza, kisha akafungua droo akavaa mfuko wa mkono wa kuzalishia ng'ombe, ule unaofika begani. Kwa mnyama wa ukubwa wa mkate ilikuwa kichekesho, na yeye mwenyewe alijua, kwa maana alitabasamu. "Niambie."

Nasambu alimwambia. Mikebe sita ya robo kilo toka asubuhi hadi jua kutua. Mkojo mara kumi na nne. Hauna rangi wala harufu. Hatapiki, haharishi, anakula. Halafu akatoa ile chupa ya dawa ya kikohozi.

Samatar alimtazama juu ya miwani. "Nani alikufundisha kuleta hivi?"

"Hakuna. Nilikaa naye tu."

"Kuna watu wana ngamia mia moja na hawajui hata mmoja anakojoa mara ngapi." Akachovya kikaratasi ndani ya chupa, akakitazama mwangani, akangoja. "Sukari hakuna. Hiyo tuiondoe." Kisha, kwa ule mkono wake mrefu wa mpira, akaifinya ngozi ya mgongo wa Popi.

Nasambu alivikazia macho vidole vile. Ngozi ikarudi.

"Umekuwa ukimwachia maji?"

"Kila akitaka. Watu waliniambia nimnyime, anakojoa nyumba nzima. Sikuweza."

Samatar alikuwa anamtazama Popi. Mtoto wa mbwa alikuwa amekuja ukingoni mwa meza, akausukuma mkono wa Nasambu kwa pua, akaugeuza kiganja juu. Akakiramba katikati. Akahamia mkono wa pili, akaugeuza nao.

"Anatafuta nini hapo?"

"Amezoea."

"Amezoea nini?"

Nasambu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema humnawisha mtoto uso. "Chumvi. Kwetu ndama aliyetengwa hurambishwa kiganjani, ili akujue. Huyu alikuja mdogo sana. Nampa asubuhi, mchana na jioni."

Alipokuwa akisema neno jioni, aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akatazama kiganja chake. Kisha akamtazama Samatar, na akaona mtu huyo amekwisha kuliona jambo lenyewe mapema kidogo kuliko yeye, ila anatafuta njia ya kulisema polepole.

"Mama," alisema, "mbwa si mnyama wangu, lakini kiu naijua. Sisi tunapeleka ngamia chumvini kwa makusudi, ili anywe. Ng'ombe ana tumbo la kubeba, ana majani, ana mwili. Chumvi ya kumtosha ndama umeitia kwa kitu hiki kidogo. Ikiingia, mwili unayalilia maji ili uitoe. Anakunywa, anaitoa, wewe unamrudishia."

"Ni mimi," Nasambu alisema.

"Ndiyo."

Alisema hivyo bila kupunguza wala kuongeza, akiuvua ule mfuko wa mkono na kwenda kunawa kwenye ndoo iliyokuwa nyuma. Aliporudi alikuta mwanamke bado ameshika ukingo wa meza, mtoto wa mbwa akimramba kifundo cha mkono.

"Sikiliza tena, maana umesikia nusu. Ni wewe uliyempa chumvi. Na ni wewe pia uliyempa maji. Ungemfunikia mkebe kama walivyokushauri, na chumvi yote ile ndani yake, ungekuwa umemzika siku ya pili. Hayo maji ndiyo yamemweka hapa. Umenielewa?"

Nasambu aliitikia kwa kichwa. Alichosikia kilikwenda mbali kuliko mtoto wa mbwa, kikakaa mahali ambapo pamekuwa pakavu mwaka mzima. Hakikupaponya. Kilipalowesha kidogo.

"Chumvi acha leo hii," Samatar aliendelea. "Maji usipunguze hata tone, atayapunguza mwenyewe. Siku nne, tano. Akiendelea hivyo baada ya hapo, basi ni figo, nami nitakuelekeza kwa madaktari wa mbwa."

Jioni hiyo, Nalianya aliporudi, Nasambu alimwekea maji ya miguu, akangoja Asenath alale. Kisha akamweleza yote bila kuinua macho: ndama wa kwao, karatasi ya dirishani, mara mbili zikawa tatu. Alisema, "Ilikuwa mkono wangu." Akangoja lile neno ambalo mumewe hajapata kulisema.

Nalianya alichukua ile karatasi ya chumvi kutoka dirishani, akaifungua, akaonja kwa ncha ya ulimi kama mtu anayetaka kuhakikisha. Akaikunja tena.

"Mama yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo," alisema. "Nilikuona ukimrambisha. Kila asubuhi nilikuona, na mimi nikaona ni sawa."

Hayo tu. Akalala akielekea ukutani, lakini mgongo wake ulimgusa mkewe na hakuuondoa.

Jumamosi sakafu bado ilikuwa na maji, sehemu mbili. Saa sita Obura akafika na baiskeli, gunia limefungwa nyuma kwenye keria. Nasambu alisimama jikoni na Popi kifuani, Aoko kando yake ameshika mwiko kama mtu anayengojea vita.

Nalianya alitoka mlangoni.

"Uko poa, mzee?" Obura alisalimu. "Yuko wapi mgonjwa?"

"Rudi na gunia lako, Obura. Hana ugonjwa. Alipewa chumvi nyingi."

Obura akacheka. "Chumvi? Nani huyo anapatia mbwa chumvi?"

"Sisi," Nalianya alisema. "Tulimpa sisi. Hatukujua."

Jikoni, Nasambu aliinamisha uso kwenye kichwa cha Popi na kubaki hivyo. Aoko alimtazama, akaweka mwiko chini, akamfunga vizuri leso iliyokuwa ikimlegea kiunoni.

Obura alikunywa chai, akaombwa radhi kwa safari ya bure, akaondoka na gunia tupu.

Jumapili mkebe ulijazwa mara tano. Jumatatu, mara tatu. Jumanne maji ya mfereji yalikuja mapema, na Aoko aliitangazia foleni nzima kwamba Tanki sasa imezibwa, wenye nyumba wanaweza kuogea maji yao.

Jumatano asubuhi Nasambu alishusha kidole cha mguu. Pakavu. Akasogeza mguu kando, pakavu. Akaweka nyayo zote mbili chini, akasimama. Simiti ilikuwa baridi na safi. Alimkuta Nalianya ameshaamka, amechuchumaa mlangoni kwa fulana, akimimina maji kwenye mkebe wa Kimbo kwa uangalifu mkubwa, mpaka ukingoni.

"Anakunywa kidogo siku hizi," Nasambu alimwambia.

"Yawepo tu," Nalianya akajibu.

Popi aliramba mara nne tano, akaacha. Kisha akamjia Nasambu, akausukuma mkono wake kwa pua kama kawaida yake. Nasambu alikigeuza kiganja, akakifungua, kitupu. Popi akakinusa katikati, akakiramba mara moja, akangoja kidogo aone kama kuna kitakachokuja. Hakuna kilichokuja. Akalaza kidevu chake papo hapo, juu ya kiganja, na masikio yote mawili yakaanguka mbele.

Nasambu hakuuondoa mkono, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa na Nalianya angechelewa kazini. Nalianya mwenyewe ndiye aliyekwenda kuliwasha.